Uso wa Bibi Nuzha na Majini Wasio na Mkubwa

Wametuhadithia waliohadithiwa, na kama humu mna uongo basi walaumuni wao wala si mimi, ya kwamba katika mji wa Qamarani, wenye kuta nyeupe na misikiti ya kuba za kijani na wakazi wenye maneno mengi kuliko kazi, alitawala Sultani Muntasiri bin Ghanimu, naye alikuwa mwadilifu na mkarimu na mtu wa dini, na juu ya sifa zote hizo alikuwa na hasira za moto wa makuti, zikiwaka zimewaka, na aliye karibu ataungua. Mkewe aliitwa Bibi Nuzha, na hakuna aliyemsikia hata siku moja akipandisha sauti. Bibi huyo alipofariki dunia Sultani alihuzunika huzuni kubwa, akaamuru uso wake uchorwe kwenye ukuta wa ukumbi wa baraza, na akaamuru tena kwamba bibi harusi yeyote wa mji ule asifungiwe ndoa mpaka aletwe kwanza mbele ya picha ile apate baraka za marehemu. Watu wakakubali, na miaka ikapita, na desturi ikageuka sheria, hata kadhi akawa hafungui kinywa kusoma hutuba ya ndoa kama bibi harusi hajapelekwa ukumbini.

Sasa hapa ndipo wazimu ulipoanzia, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa kila nikifika hapa damu yangu huchemka. Picha ile iliwekewa pazia la hariri, na pazia likawekewa mlinzi, bwana mmoja mwembamba aitwaye Kafuri, ambaye kazi yake ilikuwa kulifungua na kulifunga na kuwafundisha watu adabu za kusimama mbele ya Bibi. Adabu hizo zilikuwa nyingi, na kila mwaka Bwana Kafuri alizizidisha, na mojawapo ilikuwa kwamba mtu yeyote asisimame mahali palipo juu kuliko kichwa cha Bibi. Yeyote, nasema, hata fundi wa paa! Basi dari ya ukumbi ilipopasuka mafundi walikuja na ngazi zao wakaambiwa hawaruhusiwi kupanda, wakaondoka na ngazi zao, na mvua za masika zikaingia. Bwana Kafuri aliliona tone la kwanza likimdondokea Bibi kwenye paji la uso, na mnajua alifanya nini? Alitoa leso yake akampangusa. Akaendelea kupangusa kwa heshima kubwa kila mvua iliponyesha, mpaka asubuhi moja chokaa yote ikaporomoka na uso wa Bibi ukaenda nayo, likabaki sikio na kipuli chake.

Sultani aliponguruma siku hiyo njiwa wote wa jumba waliruka. Akaapa mbele ya mawaziri kwamba hakuna harusi itakayofanyika Qamarani mpaka uso wa Bibi Nuzha urudi mahali pake. Wakaitwa wachoraji kutoka Shamu na Hindi na Shirazi, nao wakapewa kidani ambacho Sultani alikivaa shingoni, chenye picha ndogo ya Bibi, na kila mmoja akachora kwa ustadi wake wote, na kila mmoja alipomaliza Sultani alikuja, akatazama, akasema, "Siyo yeye."

"Pua ndiyo kasoro, maulana?"

"Pua ni yake."

"Macho, labda?"

"Macho ni yake."

"Basi maulana atuambie kasoro iko wapi tuirekebishe."

"Kasoro ni kwamba siyo yeye! Futa!"

Wakafuta, wakaenda zao, wakaja wengine, wakafuta na hao. Mji mzima ulikuwa umechoka. Nguo za harusi zililiwa na nondo masandukuni, na wachumba waliopeana ahadi wakiwa vijana wakaanza kuota mvi, na akina mama walikutana visimani wakasonya kwanza ndipo wakasalimiana.

Miongoni mwa waliokwama alikuwamo muuza marashi mmoja, Sarhani bin Khalfani, mwenye duka zuri na moyo mzuri na ulegevu usio na mfano. Mchumba wake aliitwa Lutfia binti Maktumu, mwalimu wa watoto chuoni, mwanamke asiyecheka ovyo wala kuzungusha maneno. Lutfia alikuwa yatima, na walii wake alikuwa ami yake, Bwana Ridhwani, ambaye siku moja aliingia dukani kwa Sarhani, akakaa, akakataa kahawa, na mtu akikataa kahawa Qamarani ujue lipo jambo.

"Mwanangu Sarhani," akasema, "sina ugomvi nawe, na Mungu ni shahidi. Lakini msafara wa Zafarani utaondoka mwezi wa Shaabani ukiandama, na Zafarani watu wanaoana kama binadamu wengine, na yuko mtu huko ameniomba Lutfia. Mwezi ukiandama hamjaoana, naondoka naye. Siwezi kufa nikamwacha mtoto wa ndugu yangu anangoja ukuta."

Sarhani akaenda kwa Lutfia chuoni akamsimulia yote hayo kwa huzuni, akisimama mlangoni kwa heshima, na Lutfia akamsikiliza huku akimtazama kwa jicho kali.

"Na wewe utafanya nini?" akauliza.

"Mimi? Mimi nitasubiri, Mungu atafungua njia."

"Kusubiri tumekwisha kusubiri, Sarhani. Tumesubiri hata kusubiri kwenyewe kumechoka. Mimi Zafarani siendi kwa hiari yangu, lakini ami nikimkataa nitakuwa nimemvunjia heshima aliyenilea. Hebu mara moja katika maisha yako fanya kitu!"

Akarudi dukani kanywea, na kwa kuwa hakujua afanye nini akaanza kufungua kasha la chupa kuukuu alizonunua mnadani, na humo mkawa na chupa ya shaba yenye kizibo cha risasi na muhuri wa maandishi asiyoyajua. Nyinyi mmesikia hekaya za chupa kama hizo, na Sarhani naye alizisikia, kwa hiyo kabla ya kuung'oa ule muhuri aliketi akayapanga maombi yake vizuri, akafunga na mlango wa duka, akang'oa. Hakukutoka moshi. Hakukutoka jitu lenye kichwa mawinguni. Vikamwagika juu ya meza vitu vidogo vidogo mfano wa ufuta, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kina macho mawili na kinatazama huku na huku.

"Salamu alaikum," akasema Sarhani, maana aliduwaa. "Nyinyi ni majini?"

"Ndiyo," wakajibu, wengine mapema na wengine wamechelewa, kama watoto wanaoitikia.

"Mkubwa wenu ni nani, nizungumze naye?"

"Mkubwa ni nini?"

"Yule anayewaamuru! Anayejua yote!"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mimi namjua huyu wa kulia kwangu na huyu wa kushoto, na hawa wa juu na wa chini na wa pembeni. Zaidi ya hao simjui mtu."

"Na wewe je?" Sarhani akamwuliza wa pili.

"Mimi namjua yeye," akasema, akimwonyesha wa kwanza.

"Mwaweza kunijengea jumba? Kunipeleka mahali? Kuleta dhahabu?"

"Sijui. Ngoja nimwulize jirani." Na jirani akasema atamwuliza jirani yake, na huyo wake, na swali likaenda mpaka ukingoni mwa meza, likarudi bila jibu. Sarhani akajishika kichwa. Chupa za watu wengine zina majini wa kung'oa milima, yake yeye ina majirani!

Lakini alipokuwa amejishika kichwa hivyo, jini mmoja pale katikati akageuka mweusi, na aliyekuwa karibu naye akamtazama akageuka kijani, na wa karibu na huyo akageuka kijani vilevile, na rangi ikaenda ikitambaa mezani, huyu akimtazama yule, mpaka hapo juu ya meza ukatokea mjusi kamili, mwenye miguu na mkia na macho mekundu, ameumbwa na majini watupu. Sarhani akastaajabu, akapitisha mkono kumfagia, mkia ukakatika ukatawanyika, na mara mkia ukaota tena. Akafagia kichwa, kichwa kikarudi. Kumbe bwana wao wa zamani aliwafundisha mjusi huyo, na hilo lilikuwa ndilo jambo pekee walilolijua duniani.

Hapo Sarhani akafanya kosa, na ni kosa ambalo hata mimi ninayelisimulia natamani kumshika kanzu nimzuie. Alidhani kujiponya ni tabia yao ya kuzaliwa. Hakujiuliza walijifunza wapi. Akakimbia mpaka barazani, akaanguka mbele ya Sultani, akasema kwa maneno matamu ya watu wanaouza marashi, "Ewe maulana, kivuli cha Mungu juu ya ardhi, mtumwa wako atakurudishia uso wa Bibi Nuzha, na si uso kama wa wachoraji, bali uso ambao hautaharibika tena, kwani hata ukikwaruzwa na ukipasuliwa utajiponya wenyewe mbele ya macho yako."

Sultani akamtazama kitambo. "Ukiweza," akasema, "utaoa siku hiyo hiyo, na utakuwa muuza marashi wa jumba langu, na nitakupa shamba la miwaridi lililo nyuma ya kasri. Ukishindwa, au huo uso usipojiponya kama ulivyosema kwa kinywa chako, kichwa chako kitatundikwa mlangoni. Kafuri, mpe kidani."

Basi kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sarhani alimbandika jini mmoja katikati ya ukuta, naye akawaita wenzake, wakatambaa kutoka chupani wakajipanga pembeni mwake, kila mmoja akiwatazama majirani na kuchagua rangi, kisha akiwatazama tena na kuibadili, na picha ikatanda. Mara ya kwanza haikuwa picha, ilikuwa uji. Sarhani akalinganisha kidani na ukuta, akasema, "Hapa siyo, na hapa siyo, na hapa siyo kabisa." Majini wa pembeni wakawageukia waliokuwa ndani yao wakasema, "Wewe ndiye uliyeniponza," na hao wakawageukia wa ndani zaidi, na lawama ikarudi nyuma jirani kwa jirani mpaka ikamfikia yule wa kwanza, na kila mmoja aliyelaumiwa akairekebisha tabia yake kidogo, kidogo sana, kidogo cha kumtia mtu kichaa. Kisha wakarudi chupani wakaanza upya. Uji tena. Siyo tena. Siku baada ya siku Sarhani alisimama pale mpaka sauti ikamkauka, na Bwana Kafuri amesimama nyuma yake akimkumbusha avue viatu, na asimnyooshee Bibi kidole, na asiseme "siyo" kwa ukali namna ile, aseme "samahani, Bibi, siyo."

"Bwana Kafuri," Sarhani akamwambia, "huyu si Bibi bado. Huyu ni uji."

"Hata uji wa Bibi una heshima yake," akajibu Kafuri.

Mwisho, alhamdulillahi, ukatokea uso, na ulikuwa uso wa Bibi Nuzha mwenyewe, paji na nyusi na kidevu na vipuli viwili. Sarhani akapiga kelele ya furaha, akamwambia Kafuri amwite Sultani haraka. Lakini Bwana Kafuri hana haraka katika mwili wake. Alivaa kwanza joho, akatafuta chetezo, akaenda kwa hatua za heshima, akaomba ruhusa mlango kwa mlango, na wakati huo majini, ambao walifundishwa kufika kwenye uso ule wala hawakuambiwa lolote kuhusu baada ya kufika, waliendelea na kazi. Sultani alipoingia, nywele za Bibi zilikuwa zimepanda darini, na kidevu kimeshuka hadi sakafuni, na juu ya pua pameota pua, na vipuli vimezaa vipuli mpaka dirishani.

Siwezi kuyarudia maneno ya Sultani, kwa kuwa humu mna watoto. Alipomaliza alimwambia Sarhani kwamba kichwa chake ataendelea kukivaa mpaka mwezi uandame, na si zaidi.

Lutfia akazipata habari, maana mji mzima ulizipata, akawaruhusu wanafunzi wake mapema akaja jumbani, akatazama zile pua, akasonya.

"Umewafundisha kufika," akasema. "Hukuwafundisha kukaa. Mtoto ukimsomesha namna ya kuianza sura usimwambie inapoishia, ataunganisha ya pili na ya tatu mpaka adhana ya magharibi, na kosa si lake."

"Basi niwafanye nini?"

"Uso ukishatokea usiondoke. Wala usishangilie. Kaa hapo unywe kahawa yako, urudi utazame, ukikuta pua imezidi wakaripie. Nenda ukazungumze na watu, urudi utazame tena. Waone kwamba mwalimu hurudi."

Akafanya hivyo, na ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko ile ya kwanza, lakini majini wakaelewa, na uso wa Bibi ukatokea ukatulia. Asubuhi upo, jioni upo, haukuzidi wala haukupungua. Sarhani akawa kama mtu aliyetoka homa. Na hapo hapo, nakwambieni kuna watu hawana bahati, mbayuwayu akaingia dirishani, akapotea njia, akaligonga shavu la Bibi, na majini wachache wakapukutika sakafuni.

Sarhani na Lutfia na Bwana Kafuri wakatazama, wakingoja shavu lipone. Pale penye kishimo pakaota sikio. Karibu na sikio pakaota jino. Kisha shavu zima likaanza kuharibika kama maziwa yaliyochacha, mpaka Sarhani akawarudisha majini chupani huku machozi yanamtoka.

"Lakini mjusi alijiponya!" akalia. "Niliona kwa macho yangu, mkia ulirudi!"

"Mjusi alikatwa mkia mara ngapi alipokuwa anafundishwa?" Lutfia akauliza.

Sarhani akaigeukia ile chupa ya shaba.

"Na Bibi umemkata mara ngapi?"

"Hata mara moja," akasema Bwana Kafuri kwa majivuno. "Nisingekubali."

Lutfia akafumba macho kidogo, kama afanyavyo mwalimu anapojizuia asichukue kiboko. "Wanafunzi wangu," akasema, "nikiwaacha wasome tangu mwanzo hadi mwisho bila kuwakatiza, wanasoma kama maji. Siku paka akipita mlangoni wakapoteza aya moja, wamekwisha, hawajui waendelee wapi. Kwa hiyo nawakatiza mwenyewe. Nasimamisha katikati, nasema endelea hapo. Wanachukia, wanalia, lakini wanajua. Hawa nao lazima wakatizwe. Lazima tumkwaruze Bibi, huku wanajifunza, kila mahali, mpaka wajue kumrudisha."

"Kumkwaruza!" Kafuri akashika ndevu zake. "Binti, adhabu ya kuugusa uso ule kwa ukucha ni kifo. Ni mimi niliyeiandika adabu hiyo."

"Na ile ya kutopanda juu ya paa aliiandika nani?"

"Mimi."

"Basi ni heshima yako iliyomwangusha, Bwana Kafuri. Wewe na leso yako. Ungemruhusu fundi amkanyagie juu ya kichwa siku moja, leo angekuwa hapa."

Maneno hayo yalimwingia. Bwana Kafuri alisimama akitazama ule ukuta mtupu, na ikaonekana wazi kuwa mtu huyu alimpenda bibi yake wa zamani kwa namna pekee aliyoijua. Kisha akalishika pazia. "Nitalifunga," akasema, "na mimi nitakuwa upande wa nje. Nisichokiona sikukiona. Ila nakuombeni, macho msimkwaruze."

"Na macho pia, baba," akasema Lutfia, safari hii kwa upole.

Akafunga pazia, akatoka.

Sarhani hakuthubutu, mkono wake ulikataa, kwa hiyo Lutfia alichukua kisu cha jikoni akafanya mwenyewe. Uso ulipotokea alikwangua paji. Majini waliozunguka kile kishimo wakaanza kupiga kelele ndogo ndogo, "Jirani yangu yuko wapi? Jirani yangu yuko wapi?" na wakaharibu, na Lutfia akasema, "Siyo," na lawama ikarudi nyuma, wakaanza upya. Akakwangua shavu. Akakwangua mdomo. Akang'oa nusu nzima ya uso akawaacha na nusu. Sarhani alikuwa akigeuza kichwa asione, na Lutfia mwenyewe usidhani alifurahi, alikuwa akikwangua huku anauma meno. Lakini kadiri walivyoumizwa ndivyo walivyoacha kupiga kelele, na walioachwa wakajifunza kuwatazama waliobaki na kutambua kwa hao ni nani aliyekosekana, wakamwita mwingine wakamweka pale, wa rangi ile ile. Kabla ya mwezi kuandama uso wa Bibi Nuzha ulikuwa ukikatwa popote na kurudi ulivyokuwa.

Siku ya hukumu ya Sarhani ikafika. Nje ya lango ngamia wa msafara wa Zafarani walikwisha fungwa mizigo, na Bwana Ridhwani amesimama kati yao akiwa na mtandio wa safari wa Lutfia mkononi, na ndani ya ukumbi mawaziri walijipanga, na Bwana Kafuri akafungua pazia. Sultani Muntasiri akasogea. Akakilinganisha kidani na ukuta. Akatazama muda mrefu.

"Siyo yeye," akasema.

Sarhani akapiga magoti. Na hapo Lutfia, ambaye hakupewa ruhusa ya kusema na ambaye kwa adabu za Bwana Kafuri hakustahili hata kukohoa, akachoka. Alichoka na Sultani na ukuta na mji mzima wa Qamarani, akasema kwa sauti ile ile anayowasemeshea watoto wa chuoni, "Ni kweli, maulana, siyo yeye. Yeye amekufa. Kila mchoraji aliyekuja hapa alikuletea uso wake, na wewe ulitaka akuletee yeye mwenyewe, na hilo hakuna mwanadamu wala jini awezaye, na kwa ajili hiyo umetuzuia sisi tulio hai tusiishi!"

Sultani akageuka mwekundu mpaka masikioni, na kwa kuwa hasira zake zilihitaji mahali pa kwenda, na kumpiga mwanamke mbele ya baraza ni aibu, akainua bakora yake ya mpingo akaupiga ukuta. Nusu ya uso wa Bibi ikamwagika sakafuni kama ufuta. Akabaki anahema. Na wakati anahema majini wakaitana, na shavu likarudi, na jicho likarudi, na Bibi akamtazama kwa utulivu ule ule.

Akapiga tena, huku anafoka. Uso ukaanguka, ukarudi. Akapiga mara nyingine na nyingine, akifoka maneno ambayo mengi hayakumhusu Lutfia wala ukuta, yalikuwa ya zamani, ya nyumbani, hata bakora ikavunjika mkononi mwake, na Bibi Nuzha akarudi akamtazama bila kinyongo, kana kwamba hakuambiwa neno. Basi Sultani Muntasiri bin Ghanimu akaketi chini, juu ya sakafu, mbele ya mawaziri wake, akalia.

"Ni yeye," akasema. "Wallahi, ni yeye. Hivi ndivyo alivyokuwa. Nilikuwa nikimfokea, anaondoka chumbani, kisha anarudi na uso huu huu, ananiuliza kama nitakunywa chai. Miaka yote ile. Nami nilidhani ndivyo Mungu alivyomwumba."

Lutfia akamtazama, na hasira yote ikamwishia, ikabaki huruma, lakini jibu hakulimeza. "Maulana," akasema, "majini hawa hawakuumbwa kujiponya. Ni mimi niliyewafundisha, kwa kisu."

Sultani akaelewa, na ilimuuma kuelewa. Kisha akainuka akasema kadhi aitwe, na mji ufungue masanduku yake, na kila aliyemngoja mwenzake aoe siku hiyo hiyo. Akaongeza kwamba kuanzia leo asiletwe tena bibi harusi mbele ya picha ile. Aletwe bwana harusi, asimame peke yake, aambiwe uso ule ulijifunza wapi.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Sarhani. Ngamia wa Zafarani waliondoka bila Lutfia, na Bwana Ridhwani akabaki, akaipokea kahawa. Harusi ilikuwa kubwa, ngoma zilipigwa mtaa kwa mtaa kwa kuwa mtaa usiokuwa na harusi yake haukuwapo, na Sarhani akapata shamba lake la miwaridi na duka la jumbani, na fundi akapanda juu ya kichwa cha Bibi akaziba paa, Bwana Kafuri akimshikia ngazi. Funzo la hekaya hii mkilitaka lipo, ila mimi silisemi, kwa kuwa yuko aliyelisema vizuri zaidi yangu. Sarhani alipotoka ukumbini, akiwa na kilemba cha harusi na macho mekundu, alimkuta Lutfia anamngoja mlangoni.

"Umemtazama vizuri?" akamwuliza.

"Nimemtazama."

"Basi jua kwamba mimi sijafundishwa hivyo, mume wangu, wala sitafundishwa. Ukinivunja, sirudi."